Uzito wa Pawasapulai

Walipomchomoa Benno kutoka mikononi mwa watu, vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekwisha kuvunjwa kwa nyundo iliyotoka kwenye duka lake mwenyewe. Jino moja lilikuwa limenasa kwenye kola ya shati. Mkaguzi Tumpe alimsukumia nyuma ya gari la polisi, akamlalia juu, na jiwe lililokusudiwa kichwa cha fundi likampiga yeye begani.

"Ondoa gari!" alimfokea Sajini Pankras, aliyekuwa kwenye usukani.

Nyuma yao duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limeanza kutoa moshi.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, mjini Mbinga. Jana yake jioni, Rodrick, mtengeneza video za kwaya na harusi, alikutwa amekufa sakafuni mwa studio yake, kichwa kimepasuka, kompyuta yake ikifuka moshi mezani. Habari ilienea mjini kabla maiti haijafika hospitali: pawasapulai, lile kasha linaloilisha kompyuta umeme, ambalo Benno alimuuzia Jumamosi, limelipuka na kumpasua fuvu. Kufikia asubuhi Benno hakuitwa tena fundi. Aliitwa muuza mabomu.

Saa nne umati ulikuwa langoni mwa kituo. Walileta majeneza mawili. Moja la Rodrick. La pili lilikuwa jipya, mbao hazijapigwa hata randa, na aliyesimama juu yake akiwa na panga mkononi alikuwa Hamphrey, mpimaji wa kahawa wa chama cha msingi cha Mapera na mwenyekiti wa kwaya ya huko.

"Tunawapa polisi mpaka saa nane!" alipaza sauti. "Saa nane fundi aingie humu kwa miguu yake, au tumwingize sisi!"

Mkuu wa polisi wa wilaya alifunga dirisha.

"Nina askari kumi na mmoja, Tumpe. Wenzetu wa Songea hawafiki kabla ya saa tisa, na hawa wameweka magogo barabara zote mbili. Saa nane nitawajibu nini?"

"Nitakuwa na jibu, afande."

"Liwe jibu wanaloliona kwa macho. Maneno hawayataki."

Tumpe alikwenda chumba cha vielelezo. Alikuwa mwenyeji wa Rungwe, mwaka wake wa pili Mbinga, mwanamke mfupi aliyezoea kupanga vitu mezani kabla ya kuuliza swali. Alivipanga. Kompyuta ya Rodrick, mgongo wake mweusi kwa masizi. Pawasapulai iliyotolewa ndani yake, karatasi ya ubavuni imeungua. Boksi tupu la pawasapulai mpya. Mfuko wa nailoni wenye nyaya. Stakabadhi ya duka la Benno, iliyokuwa imebandikwa ukutani mwa studio: *Pawasapulai, wati 850, kilo 2.15.* Pembeni aliweka daftari lenye maneno ya daktari, aliyoyaandika alfajiri chumba cha maiti.

"Mapigo mawili," alimsomea Pankras. "La kwanza kisogoni. La pili kwenye panja, marehemu akiwa ameshaanguka. Yote mawili yana pembe kali na ukingo ulionyooka, kama kona ya tofali. Puani hakuna masizi. Na masizi yako juu ya damu, damu ikiwa imekwisha kukauka."

"Maana yake alikufa kwanza, moshi ukaja baadaye."

"Saa tatu au nne baadaye. Bomu gani linaua mchana halafu linalipuka jioni?"

Pankras, Mmatengo wa huko huko, aliyetumikia jeshi miaka ishirini na sita, alikuna kidevu. "Basi ni fundi mwenyewe, afande. Kamuuzia kitu cha uongo, kijana karudi kulalamika, wamegombana, fundi kampiga, kisha kaimwagia kompyuta mafuta ya taa, kaiwasha. Harufu bado ipo."

"Mlete."

Benno aliingia vidole vikiwa vimefungiwa vipande vya rula. Aliketi, akatema damu kwenye kitambaa.

"Nisamehe, afande. Kinywa kina mlango mpya."

"Eleza Jumamosi. Usiruke kitu."

"Rodrick alikuja na mama mmoja wa Mapera. Alisema kompyuta inajizima. Ile mashine, afande, alikuwa ameiovakloki. Prosesa na kadi ya picha alivikimbiza kupita kasi ya kiwandani. Ukiandika barua tu, haina taabu. Ukiipa kazi nzito, inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na pawasapulai yake ndogo inashindwa. Ni kama mashine ya kusaga yenye injini ndogo: ukijaza mahindi mpaka juu, inakohoa, inakufa. Wiki nzima ilikuwa inakufa katikati ya kazi moja ile ile."

"Kazi gani?"

"Hakusema. Ila yule mama alisimama kama anayesubiri majibu ya hospitali. Nikawapigia hesabu. Prosesa inakula kiasi hiki, kadi kiasi hiki, ongeza ya kuvumilia ule mvuto wa ghafla. Nikasema mia nne na hamsini ni kifo, mia sita na hamsini ni bahati nasibu, chukua mia nane na hamsini ulale. Nikaweka mbili mezani. Moja hiyo ya mia nane na hamsini. Nyingine imeandikwa elfu moja."

"Kwa nini hawakuchukua ya elfu moja?"

"Ya uongo hiyo. Naiweka kwa kuonyeshea. Watu wetu wa kahawa hawasomi wati, afande, wananyanyua. Kizito ndicho kizuri. Mama alinyanyua zote mbili akasema, 'Tuchukue hii, ina mwili.' Nikaifungua mbele yake. Ndani kuna kipande cha saruji cha kuongezea uzito. Akasema, 'Kumbe hata huku wanatia mawe!' Tukacheka. Ndiyo maana naandika uzito kwenye stakabadhi. Mtu akija na kesi, tunapima."

Pankras aliikwanyua pawasapulai iliyoungua kwa bisibisi, akaiinamisha. Kokoto zilimwagika mezani, konzi mbili nzima.

"Haya, fundi! Na hizi ni za kuonyeshea?"

Benno alisimama nusu. "Hiyo si yangu! Mungu anaona, hiyo si yangu!"

"Wote husema hivyo wakiwa na majeneza mlangoni."

"Sajini, mwache," alisema Tumpe. Aliushika mfuko wa nailoni. "Fundi, hizi nyaya ni za nini?"

Benno alitazama mfuko. Gundi ya kiwandani ilikuwa haijafunguliwa.

"Hizo ndizo nyaya za ile niliyouza. Hazijashikana na kasha, zinakuja mbali, unazichomeka mwenyewe. Moja ya prosesa, mbili za kadi ya picha. Bila hizo kompyuta haiwaki." Aliinama juu ya kompyuta, akachungulia kwa jicho lililokuwa bado linafunguka. "Na hii waliyoweka haina waya wa kadi hata mmoja. Tazama matundu ya kadi, yako wazi. Skrubu ziko mbili, zinatakiwa nne. Afande, hii haikupata kuwaka. Ni ya kompyuta ya ofisi, wati mia tatu, kuukuu. Ndani hata masizi haina."

Tumpe aliigeuza kwenye mwanga. Nje nyeusi. Ndani kavu, na vumbi la miaka.

"Kwa hiyo Rodrick aliuawa kabla hajaifunga mpya," alisema. "Ilikuwa mezani, nje ya boksi. Kona ya chuma. Muuaji akampiga nayo, akaondoka nayo ikiwa na damu. Akaona tundu tupu nyuma ya kompyuta, akaona stakabadhi ukutani. Akarudi jioni na nyingine ya kuziba tundu, akaiwasha moto. Fundi wa kompyuta asingesahau nyaya, Sajini. Aliyefanya hivi hajui waya ni nini. Anajua kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Kaazime mizani ya muuza dagaa. Pitia nyuma."

Pankras alirudi na mizani ya betri yenye harufu ya usipa mkavu. Tumpe alirudisha kokoto zote ndani ya kasha, akaliweka juu. Namba zikasimama: 2.15.

"Sawasawa na stakabadhi," alisema Pankras. "Mpaka gramu."

"Fundi, ile uliyouza ulipimaje? Na boksi, au bila?"

"Na boksi lake na nyaya zake zote. Mteja si anabeba boksi? Lenyewe tupu halifiki huko. Kilo moja na gramu mia sita."

Tumpe aliandika namba zote mbili, moja chini ya nyingine, akazipigia mstari. Kisha aliokota kokoto moja na kuisogeza karibu na dirisha. Kando yake palikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya majani makavu. Akaokota ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa nayo.

"Ganda la kahawa," alisema Pankras kwa sauti ya chini. "Mawe haya yametoka ndani ya magunia. Wakulima wengine huyatia ili gunia lipande. Yakikamatwa kwenye mizani ya chama, yanawekwa kwenye debe."

Nje walikuwa wanaimba wimbo wa msiba, wakigonga jeneza la pili kwa fimbo. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

Mama Kunigunda aliingia kwa mlango wa mbele. Umati ulimpisha kwa sababu alikuwa amevaa nguo za msiba. Alikuwa na miaka sabini, viganja vigumu kwa kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kupandia mahindi, na kadi ndogo ya kumbukumbu imefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wanataka kumuua yule fundi. Kazi ilikuwa yangu. Niulize mimi."

Alizungumza bila kupumzika. Binti yake Aurelia alikufa maji mwezi wa sita kule Mbaha, pwani ya ziwa, siku ya harusi ya ndugu wa mume wake. Walisema aliteleza kwenye mawe akioga. Kunigunda hakusadiki, binti yake hakuwahi kuogea ziwani hata siku moja, alikuwa akiliogopa. Kisha mpiga picha wa harusi ile akamletea kadi yenye video. Nyuma kabisa ya wachezaji, mbali, majini, kulikuwa na vitu viwili vidogo kama punje za maharage. Rodrick alisema anayo programu ya kuzikuza, ila inaiua mashine.

"Kila ikifika asilimia thelathini na nane, kompyuta inazima. Mara nne. Ndipo akasema twende tukatafute hilo kasha la umeme. Akaniambia kadi nikae nayo, yeye ana nakala."

"Nani mwingine alijua?"

"Nani mwingine? Aliyenileta kwa pikipiki tu. Alisimama mlangoni mwa duka, tukichagua. Mkwe wangu. Hamphrey."

Pankras aligeuza kichwa kuelekea dirishani.

"Mama," alisema Tumpe, "keti huku nyuma ya kabati. Usiseme neno. Sajini, kamwambie Hamphrey nataka mjumbe wa wafiwa ashuhudie tukipima ushahidi. Aje mtu anayejua mizani. Panga aliache langoni."

Hamphrey aliingia kifua mbele, shati la kwaya limelowa jasho. Alimtazama Benno, akacheka kwa pua.

"Bado unapumua, muuza mabomu?"

"Kwa shida," alisema Benno.

"Bwana Hamphrey, nisaidie," alisema Tumpe. Alimpa stakabadhi. "Mimi mambo ya kilo yananichanganya."

"Lazima, afande. Kwenu Tukuyu mnahesabu ndizi kwa mikungu." Alisoma haraka. "Kilo mbili na gramu mia moja na hamsini."

"Pamoja na boksi, au bila boksi?"

"Ah! Bila boksi. Uzito unaoandikwa ni wa mali. Gunia linatolewa kwanza. Miaka kumi na minane napima, sijapata kuandika gunia. Hata mtoto wa darasa la pili anajua."

"Fundi hakujua. Yeye alipima na boksi." Tumpe aliliweka kasha kwenye mizani. Namba zikasimama pale pale. "Mjini hapa kila mtu angesoma kama fundi alivyoandika: mzigo mzima. Mtu mmoja alisoma kama mpimaji, akajaza mawe mpaka ikasimama kwenye namba isiyo yake. Mawe yenye ganda la kahawa. Sajini akienda chamani sasa hivi, debe la mawe atalikuta limejaa? Na kompyuta ya ofisi ya chama, ina pawasapulai?"

Hamphrey alisogea mezani. Mkono wake ulikwenda kwenye kasha lililokuwa mizanini, na kabla Pankras hajasogea kutoka mlangoni, kona ya kasha ilikwisha kumfikia. Mfupa wa mkono wa Pankras ulilia kama kuni kavu. Hamphrey akaruka meza, akamwangusha Benno na kiti chake, akamkanyaga kifuani, akalinyanyua kasha juu ya kichwa cha fundi kwa mikono miwili.

Tumpe aliushika mguu wa kiti kilichoanguka, akaung'oa, akampiga gotini kwa upande. Goti lilijikunja kusikotakiwa. Kasha lilianguka, likapasuka, kokoto zikatawanyika sakafuni. Hamphrey alitambaa juu ya Tumpe, akamkaba koo. Vidole vya mpimaji vilikuwa na nguvu ya miaka kumi na minane ya magunia. Macho ya Tumpe yalianza kuona giza. Alikusanya konzi ya kokoto, akamsindilia nazo jichoni, akapiga tena, na tena, mpaka mikono ikalegea. Pankras, mkono mmoja ukining'inia, alimfunga pingu kwa ule mzima, akitumia meno kuvuta mkono wa shati.

"Umesahau kutoa uzito wa gunia, Mwenyekiti," alihema Pankras.

Mkuu wa polisi alisimama mlangoni, bastola mkononi. "Saa saba kasorobo. Wale nje hawatasadiki. Watasema tumempiga mjumbe wao ili tumwokoe fundi."

"Najua," alisema Tumpe. Shingo yake ilikuwa na alama za vidole kumi. "Ulitaka kitu cha macho. Mama, nipe kadi."

Uani kulikuwa na maboksi machache ambayo askari waliyaokoa dukani, yamelowa maji. Tumpe alirudi na mawili, akapima kwa mikono, akalinyanyua moja.

"Si hilo zito, afande," alisema Benno kutoka sakafuni. "Hilo ni la saruji. Jepesi ndilo lenyewe. Ndilo pacha wa lile la Rodrick."

Hakuweza kushika bisibisi. Alielekeza kwa kidevu, na Tumpe akafunga. Skrubu nne. Waya mpana kwenye ubao. Waya wa prosesa, kona ya juu. Nyaya mbili za kadi ya picha, pini nane nane, mpaka zilie tak. Walifuta masizi kwa kanga ya Mama Kunigunda. Tumpe akabonyeza.

Feni zilinguruma. Kioo kikawaka. Moto wa Hamphrey ulikuwa umekula rangi ya nje tu.

Nakala ya Rodrick ilikuwamo, ila waliitumia kadi ya mama, ili asiwepo wa kusema imechezewa. Kazi ilianza saa saba na dakika kumi. Asilimia kumi. Ishirini. Nje jiwe la kwanza lilivunja kioo cha mapokezi, na mtu akapiga kelele kwamba Hamphrey hatoki. Thelathini na tano. Feni zikapanda sauti kama mashine ya kusaga iliyojazwa. Benno alifumba jicho lake moja.

"Thelathini na nane," alisoma Mama Kunigunda.

Taa ya chumba ilififia kidogo, ikarudi. Thelathini na tisa.

Ikaendelea kupanda mpaka mia.

Zile punje mbili za maharage zilikuwa watu. Mwanamume amesimama majini mpaka kiunoni, mikono yote miwili imenyooka chini, mgongo umepinda kama anayekandamiza gunia lijae. Chini ya mikono yake kitambaa chekundu cha kichwani, kisha uso wa mwanamke, kisha maji tu. Mwanamume akageuka kutazama pwani, kuona kama kuna aliyemwona. Uso ulikuwa wa ukungu. Shati halikuwa la ukungu: bluu, na mfuko mweupe ulioshonwa upande wa kulia badala ya kushoto.

Mama Kunigunda alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Shati hilo nilimshonea mimi," alisema. "La Pasaka. Mfuko nilikosea upande, akasema atalivaa hivyo hivyo."

Walisukuma meza mpaka mlango wa mbele, kioo kikitazama nje. Waliokuwa mbele waliona. Wakawaambia wa nyuma. Mama Kunigunda alisimama kando ya meza, akasema jina la binti yake na jina la mkwe wake, mara moja tu kila moja. Mawe yakaacha kuja. 

Kisha mtu akalipiga teke jeneza la pili, likateleza mpaka kwenye ngazi za kituo.

"Tupeni mpimaji!"

"Mpimaji! Mpimaji!"

Walianza kusukuma lango upya, wale wale, kwa fimbo zile zile. Ndani ya mahabusu Hamphrey alisikia sauti za kwaya yake mwenyewe, akajivuta kwa goti moja mpaka pembeni mwa ukuta.

Pankras, mkono umefungwa kwa mkanda wa suruali, alimtazama Tumpe.

"Afande, sasa na huyu tumlinde?"

Tumpe alichukua bunduki ukutani, akaangalia risasi, akasimama mlangoni mbele ya jeneza.

"Kama tulivyomlinda fundi," alisema. "Nyuma, wote! Nyuma!"